Meli Iliyopita Makuyuni

Nianze na aibu yangu mwenyewe, isije ikasemwa na mwingine. Mimi Munira, mkazi wa Handeni, mji ambao mtu hupanga foleni ya ndoo ya maji asubuhi na kuondoka nayo mchana, napenda vivuko. Kuogelea sijui. Maji yakinifika magotini naita watu. Lakini mwaka ule nilipotumwa Pangani kwenye harusi ya binamu yangu, nikapanda kivuko kwenda ng'ambo ya Bweni, nilipofika sikushuka. Nilirudi nacho, nikaenda nacho tena, nikarudi, mpaka mkata tiketi akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Harusi ikanipita. Shangazi yangu mpaka leo akinipa mkono anaurudisha haraka.

Nilidhani niko peke yangu na ugonjwa huu hadi nilipomfahamu Mbwana, fundi simu wa Korogwe, ambaye kibanda chake kiko karibu na stendi. Mbwana ameanzisha kundi la WhatsApp, Wapenzi wa Vivuko Handeni na Korogwe, na tupo watu kumi na mmoja. Mara mbili kwa mwaka tunachangishana nauli kwenda Pangani kuvuka na kurudi, basi, hatuna shughuli nyingine kule. Wanaotucheka ni wengi. Wacheke. Wapo wazee wazima wananuniana wiki nzima kwa sababu ya timu ya Ulaya, na hakuna anayewaambia wapimwe.

Mzee Nicolaus aliingia kundini miaka minne iliyopita, na huyu ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa fundi wa nguzo na nyaya za umeme kule Hale mpaka alipostaafu. Babu yake alitoka kanda ya ziwa kuja kukata mkonge, akazaa hapa, akazikwa hapa, na Mzee Nicolaus mwenyewe hajawahi kuliona hilo ziwa. Ni mtu mrefu, mkavu, mgumu wa kucheka. Tulishangaa alichokifuata kwetu. Kumbe siku moja Mbwana alikuwa ameweka kwenye simu picha ya kivuko kinachotengenezwa Mwanza, na pembeni kuna fundi kavaa kinyago cha kuchomelea, uso hauonekani. Mzee alikuwa amepeleka simu yake kutengenezwa, akaiona picha ile juu ya meza, akasema, "Huyo anashika kwa kushoto." Akaomba aingizwe kundini siku hiyo hiyo.

Yule fundi alikuwa binti yake, Evodia.

Habari kamili alinipa yeye mwenyewe, tukiwa katikati ya mto Pangani, mahali ambapo hata akijuta kusema hawezi kushuka. Alimlipia binti ada ya chuo cha ualimu. Muhula wa pili binti akaacha, akaenda Mwanza kujifunza kuunga vyuma vya meli. Alipokuja likizo, mikono ina makovu ya cheche, alimkuta baba yake uani na wageni. Akasema, "Shikamoo, baba." Na mzee, kwa hasira na kwa kuona haya mbele ya wageni wake, akamjibu, "Hiyo shikamoo yako kaa nayo. Usinisalimie tena."

Evodia akatii. Ndivyo alivyo, mzee aliniambia, tangu mdogo ukimwambia kitu anakifanya mpaka unajuta. Akipiga simu anaongea na mama yake, anauliza kama baba anakula vizuri, anakata. Sasa tazama ugumu wake. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kusalimia, mkubwa anangoja. Mdogo kakatazwa, mkubwa haanzi, na miaka sita ilikuwa imekwenda hivyo. Nilimwambia mzee pale pale kwamba ni mjinga. Nilianza na samahani, lakini nilimwambia. Akatazama maji, akasema, "Najua, mama. Ila sijui mlango uko wapi."

Basi ikaja habari ya MV Bwiro. Kivuko kipya, kimeagizwa nje kwa ajili ya visiwa vya ziwa, na kwa kuwa ziwa halifikiki kwa bahari, kinaletwa vipande vipande: kwa meli ya mizigo mpaka bandari ya Tanga, halafu kwa malori mpaka ziwani, kule ndiko kitakakoungwa. Unaelewa maana yake? Kivuko kitapita kwetu. Kwetu, kwenye lami! Mbwana alipotuma ujumbe ule nilikuwa nasonga ugali, nikauacha ukaungua.

Siku thelathini na nne tuliifuata ile meli ya mizigo. Kwenye simu ya Mbwana ilikuwa ni kidoti cha kijani kinachotembea baharini, na alikuwa akikitazama mpaka wateja wakawa wanapeleka simu zao kwingine. Mzee Nicolaus alikuwa anapita kibandani kila asubuhi baada ya chai. "Imefika wapi?" Akionyeshwa, anatikisa kichwa, anaondoka. Kidoti kikisimama siku mbili mahali pamoja, anarudi na jioni.

Ilipofika Tanga, mafundi kutoka ziwani wakaja kukipokea kivuko na kukisindikiza nyumbani. Mbwana alipata picha yao wamejipanga bandarini mbele ya vyuma. Wa tatu kutoka kushoto ni mwanamke, kavaa kofia ngumu ya njano. Mzee alivaa miwani, akaitazama picha muda mrefu, akarudisha simu.

"Kofia imembana," alisema.

Tulikutana kupanga mahali pa kuisubiri. Mbwana alitaka stendi ya Korogwe, na tayari alikuwa ameshonesha bango. Mzee Nicolaus, ambaye kwenye mikutano huwa haongei, akasema, "Makuyuni."

"Makuyuni kuna nini?" nikauliza. Mimi natoka Handeni. Kila kijiji kinachoongezwa mbele ni nauli na ni jua.

"Korogwe itapita tu, mtaipungia mikono kama watoto wa shule. Makuyuni kuna waya. Yule mwenye kibanda cha kuchaji simu amevuta umeme kutoka dukani ng'ambo, waya umelegea juu ya barabara. Lori za kawaida zinapita. Chumba cha nahodha hakitapita. Lazima isimame."

"Ikisimama?"

"Nitainua waya."

"Mzee, sikuulizi habari za waya."

"Na mimi nakujibu habari za waya," akasema, na tukaamua Makuyuni.

Jumamosi ile tulikuwa pale saa tatu asubuhi, na bango, na sufuria la pilau nililolibeba mapajani kutoka Handeni. Mzee Nicolaus alikuja na mwanzi mkavu mrefu kuliko nyumba, ncha yake ameifunga panda ya mti na kuizungushia mpira wa tairi. Alivaa shati lake la kazi la zamani, limepigwa pasi. Akaenda dukani, akazungumza na mwenye duka, akarudi kusimama chini ya waya. Mke wake hakuja. Alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba moyo wake hauwezi, nimpigie kukiwa na la kumwambia.

Mpwa wa Mbwana anayekaa Hale alipiga: imepita. Mwenzetu wa Segera akapiga: imepita, watu wamejaa. Halafu kimya kirefu, jua linapanda, na mimi nikaanza kulalamika kwa sauti juu ya watu wanaochagua mahali pasipo na mti hata mmoja. Saa sita na nusu tukasikia king'ora.

Sitaweza kukueleza vizuri. Mbele gari dogo la taa, nyuma yake trela lenye matairi ambayo sikuyamaliza kuyatazama, na juu yake ubavu wa kivuko, mwekundu wa rangi ya kwanza, mkubwa kiasi kwamba duka la ng'ambo lilifichika lote. Likapita trela la kwanza, la pili, la tatu, polepole, yakipishana na ng'ombe na bodaboda. Mbwana alikuwa analia bila kujifuta. Mimi nilipiga vigelegele mpaka nikakohoa. Lori la nne lilibeba chumba cha nahodha, chenye madirisha yake na mlingoti wake, na lilipofika usawa wa waya likasimama, kama alivyosema.

Msimamizi wa msafara akashuka, akatazama juu, akaguna. Walikuwa na mti wao wa kuinulia nyaya, lakini ulikuwa mfupi kwa hapo. Mzee Nicolaus akasogea.

"Kwanza swichi kubwa dukani izimwe," alisema. "Nimeshaongea na mwenye duka. Halafu nahitaji mtu mmoja juu, aupitishe waya nyuma ya mlingoti. Mwenye glavu."

Mlango wa lori ukafunguliwa, akashuka mwanamke mwenye kofia ya njano. Akamwona. Alisimama kidogo, mkono wa kushoto kwenye mlango. Kisha akavaa glavu, akapanda ngazi ya ubavuni mpaka juu ya paa la chumba cha nahodha.

Mwenye duka akapaza sauti kwamba amezima. Mzee akaunasa waya kwa panda, akauinua.

"Inua tena," Evodia akasema kutoka juu.

"Nainua."

"Simama hapo. Legeza kidogo."

"Nimelegeza."

"Nimeushika. Songa na gari."

Lori likaanza kutambaa. Mzee akatembea nalo hatua kwa hatua, ameinua uso juani, na Evodia kule juu akirudi nyuma polepole, waya mikononi, akiupitisha juu ya mlingoti, juu ya taa, juu ya bomba. Walikuwa wanaongea! Miaka sita, na sasa wanaongea: inua, shusha, kulia, angalia bomba. Kazi haihitaji salamu. Nilimshika Mbwana mkono nikamfinya mpaka akanisukuma. Nilikuwa naomba Mungu Makuyuni iwe na nyaya mia, lakini ulikuwa mmoja tu, na ukapita.

"Umetoka," Evodia akasema.

Mzee akashusha mwanzi. Lori likasogea mbele likaegesha, magari yaliyozuiwa yapite. Evodia akashuka ngazi, akavua glavu, akaja mpaka hatua tatu kutoka kwa baba yake, akasimama. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia, maana sasa kazi ilikuwa imekwisha na hakuna tena cha kusema isipokuwa kile kimoja. Binti ametazama chini, midomo ameibana. Amri ni amri. Mzee anautazama mwanzi wake. Watu wa Makuyuni, ambao hawakujua lolote, wakasogea karibu kutazama. Msimamizi akatazama saa.

Nikajisemea, ataondoka. Atapanda lori, atakwenda ziwani, na huyu mzee atarudi nyumbani na shati lake lililopigwa pasi. Nilikuwa tayari kwenda kuwasukuma kwa mikono yangu miwili.

Mzee Nicolaus akavua kofia yake.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Mama mmoja nyuma yangu akasema "Haa!" Baba hamwamkii mwanawe. Evodia aliruka kama aliyeguswa na ule waya ukiwa na umeme.

"Baba, usifanye hivyo! Usinitie laana."

"Mbona huitikii?"

"Siwezi kuitikia. Na kukuamkia ulinikataza."

"Nilikukataza wewe," mzee akasema, kisha akaanza upya. "Nilikukataza wewe, mwanangu. Mimi sikujikataza."

Evodia akaenda chini. Hakupiga magoti kwa adabu, alikaa tu kwenye vumbi pembeni ya lami, akaishika miguu ya baba yake na suruali yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mzee. Akainama, akamvua ile kofia ya njano iliyombana, akaweka mkono juu ya kichwa chake. "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba." Msimamizi akaashiria, dereva akapiga honi, akapiga ya pili, na mzee alikuwa bado anaitikia.