Tarte ya Ubatizo

Asubuhi ile ya Jumapili, Wakasai wenzake wote wa mtaa wa Katuba walikwisha kuhama, na Martine alikuwa akikanda unga wa tarte, andazi bapa la matunda. Ungemwona ungesema mji una amani. Amani gani! Tangu Katanga ijitangaze kuwa nchi peke yake, Wakasai wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikuwa wakitazamwa kwa jicho la pembeni, na kufikia kiangazi cha mwaka 1961 mambo yalikuwa yamevuka macho, yamefika kwenye mawe na viberiti. Vijana wa chama tawala walipita mitaani wakiuliza nani kazaliwa wapi. Watu kwa maelfu walikimbilia kwa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, wakalala kambini chini ya magunia na mabati ya kuokoteza. Martine aliisikia habari ya kambi hiyo, moyo ukamkatalia. Yeye alitaka nyumba yake.

Mumewe Adrien, karani aliyefukuzwa kazi mwezi uliopita bila maelezo, alisimama mlangoni akimwangalia.

"Martine, tuende kambini leo. Kesho tutachelewa."

"Mutale anabatizisha mutoto leo," Martine alijibu bila kuinua kichwa. "Batoto yake yote, tarte ya ubatizo miye njo nilipika. Bakikula ya leo, tuko bado bantu ya hapa."

"Na bakikatala?"

"Bakikatala, tunaenda. Hata leo mangaribi."

Adrien alilipima neno hilo, maana alikuwa mtu wa kupima maneno. "Bon. Bakikula, tunabaki. Bakikatala, tunaenda. Lakini usinidanganye, mama."

Martine aliapa. Wala hakuwa na wasiwasi mkubwa, maana Mutale hakuwa jirani wa kusalimiana tu. Mutale, Mbemba mwenyeji wa ng'ambo ya ua, alimwita yaya, dada mkubwa. Martine hakujaliwa mtoto, na watoto wa Mutale walikuwa wakila kwake, wakilala kwake, wakichapwa kwake. Watu waliokula chungu kimoja miaka yote hiyo wataanza leo kuogopana? Ndivyo alivyojiambia, na alikuwa akijiambia mara nyingi mno kwa mtu mwenye uhakika.

Kuoka alijifunza kwa masista, katika shule yao ya akina mama. Wengine walitoka pale na kushona vitambaa vya meza. Yeye alitoka na tarte. Adrien alimchongea tanuri ndani ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, na udongo ule ulishika moto kuliko jiko lolote la mzungu. Alitandaza kinyunya katika chombo, akakijaza maharagwe makavu ili kisivimbe, akakioka mpaka kikawa na rangi ya asali. Kisha krimu. Kisha matunda, na hapo ndipo alipokuwa fundi kwelikweli.

Siku hiyo matunda yenyewe yalimpa taabu. Jana yake sokoni, mama aliyemuuzia nanasi siku zote alijifanya hamsikii. Martine akarudi na nanasi moja dogo, la kubembeleza kwa mwingine, na papai la uani kwake. Nanasi halikutosha duara zima. Basi akapanga nusu ya tarte nanasi, vipande vyembamba vikilaliana, na nusu nyingine papai. Katikati akakunja tabaka za papai mpaka zikawa ua, akalizungushia majani ya ganda la chungwa. Juu ya yote akapaka jamu ya mapera iliyoyeyushwa, na tarte ikang'aa. Alipoitazama alisahau kwa muda kwamba mji unawaka, akatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Aliipeleka kabla ya misa, nzima, bila kuikata. Masista walifundisha hivyo: tarte iliyopambwa haiguswi na mpishi, kisu ni cha mwenye sherehe. Mutale akaipokea kwa mikono miwili.

"Aa, yaya! Muzuri sana!" Akamkumbatia. Lakini alipokuwa akimkumbatia alitupa jicho barabarani, na Martine aliliona jicho hilo, akajifanya hakuliona.

Mchana, wageni waliporudi kutoka kanisani, Martine alivaa kitenge chake kizuri akavuka ua. Walimpisha akae. Walikula bukari, ugali wa huko, walikula kuku, walikula samaki wa Luapula. Tarte ilikaa katikati ya meza, nzuri kupita vyote, na hakuna aliyeigusa. Mkono ulipokwenda upande ule uliipita, ukachukua pilipili. Nyumba yake ilikuwa pale mezani, na watu walikuwa wanaizunguka.

Ndipo akakumbuka. Jamani, Martine! Kwao Kasai na huku Katanga, ni nani asiyejua kwamba mpishi huonja kwanza mbele ya wageni, atoe sumu? Alilelewa na desturi hiyo. Lakini katika ubatizo wote uliopita Mutale alikuwa akikata tu na watu wanagombania, hata desturi ikasahauliwa, yakabaki mafundisho ya masista. Ameleta chakula kizima, katika siku kama hizi, akaenda zake nyumbani kuvaa. Alijilaani moyoni, kisha akasimama.

"Pardon, nilisahau kuonja. Mutale, unipe kisu."

Akakata kipande cha upande wa nanasi, akakila mbele ya watu wote.

Angélique, shangazi ya mume wa Mutale, mama mzee aliyekuja toka Kasenga kwa ubatizo, alikohoa kidogo. "Ni muzuri. Lakini tarte iko na pande mbili. Yeye njo aliipanga, anajua yake ni gani."

Mtu mmoja akacheka. Martine akakata upande wa papai, akala.

"Na ile maua ya katikati?" akauliza Angélique, kwa upole kabisa.

Martine akaling'oa ua lake, kazi ya nusu asubuhi, akalitia mdomoni. Lilikwama kooni. Laiti angepika keki kavu ya kijinga isiyo na juu wala chini! Uzuri wenyewe ndio uliompa kesi. Alimeza kwa nguvu, machozi yakimlenga, na watu wakamtazama kana kwamba machozi ni dalili.

"Bale bantu banakunywaka dawa ya sumu mbele ya kuja," Angélique akawaambia wenzake, kama anayeeleza hali ya hewa. "Haiwezi kubafanya kitu."

Mutale aliinuka haraka, akaichukua tarte. "Naenda kuikata muzuri," akasema, akatoka nayo kwenda jikoni nyuma ya nyumba. Alikuwa na haya usoni, na Martine alimpenda kwa haya hiyo. Alijua Mutale atarudi na vipande kwenye sahani, atakula cha kwanza yeye mwenyewe, na jambo litaisha.

Alingoja. Mutale hakurudi. Watu waliongea mambo ya mvua. Mwisho Martine akashindwa kukaa, akazungukia nyuma akamsaidie kukata.

Wanawake watatu kati ya wageni walikuwa wamesimama uani, mikono vifuani. Mbele yao alikuwa mbwa wa nyumba, yuleyule ambaye Martine alimtupia mifupa kila siku. Mutale alikuwa amechuchumaa. Alimpa mbwa kipande cha nanasi, mbwa akala. Akampa cha papai, akala. Akachota na mahali ua lilipokuwa, akampa. Kisha wote wakaendelea kumtazama mbwa, na mbwa akawatazama wao, akitikisa mkia, akiomba tena.

Mutale aligeuka akamwona.

"Yaya, usikasirike! Miye ninajua haina kitu. Nilitaka njo baone na macho yao, bakule. Ni kwa ajili yako njo nafanya!"

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililomuumiza Martine kuliko yote. Kama Mutale angekuwa adui, Martine angemtukana akaondoka, lakini huyu alikuwa rafiki, na rafiki alikuwa ametafuta njia ya kumtetea akaipata kwa mbwa. Yeye alikula mbele yao mpaka koo likauma, hawakumwamini. Mbwa alikula, wakamwamini.

"Si kitu, mudogo wangu," akasema. "Kata sasa. Bakule."

Wakala, tena kwa uchu. Habari ya mbwa ilifika sebuleni kabla ya sahani, na mikono ikanyooshwa kutoka kila upande. Watoto walilamba vidole. Angélique alikula kipande, akaomba kingine, akasifu jamu, akauliza imepikwaje. Martine alimweleza: mapera, sukari, ndimu kidogo, usiache moto ukali. Walimwimbia na wimbo wa kumshukuru. Alipiga makofi pamoja nao, na mikono ilikuwa mizito.

Aliporudi nyumbani, Adrien alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alisimama mara alipomwona.

"Balikula?"

Alikuwa ameapa kutomdanganya. "Balikula. Yote. Tantine Angélique alikula mara mbili."

Adrien alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mwezi mzima. Akamshika mabega, akacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu afukuzwe kazi. "Haya! Miye nilikuwa nasema nini? Wewe unabajua kunipita. Donc tunabaki."

Martine alimtazama mumewe, uso wake uliofunguka, na alitamani kuliko kitu chochote kumwachia furaha ile mpaka kesho. Kutoka ng'ambo ya ua walikuwa bado wanaimba, na sauti ya Mutale ilisikika juu ya zote.

"Hapana, Adrien," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Shika blanketi. Tunaenda."