Namba Moja ya Mzee Norbert

Nyuma ya kaunta ya baa ya Arlys kuna ubao, na kwenye ubao kuna bia kumi na tisa za Marekani, zimepangwa kuanzia bora mpaka takataka. Aliyezipanga ni mzee wangu, Norbert Kaczmarek. Hakuna aliyemwomba. Miaka kumi na moja iliyopita aliingia na ubao, nyundo na misumari yake mwenyewe, akagongelea, akaagiza bia, basi, ikawa sheria.

Namba moja ni Mwewe wa Ziwa. Namba kumi na tisa ni Taa Kuukuu, na pembeni yake mzee kaandika kwa rangi nyekundu: ya kuoshea mashua.

Mimi nina miaka kumi na tisa, shule nimemaliza, kazi sina, na huku Wisconsin ruhusa ya kunywa baa ninayo mzazi akiwa amekaa na mimi tu. Kwa hiyo bia zangu zote nimezinywa huku nasikiliza hotuba. Mzee hawezi kumeza tu kama watu. Lazima ainue glasi dirishani, anuse, afumbe macho, ndio atoe ripoti. "Unasikia hiyo, Wes? Mkate wa moto. Halafu asali kwa mbali. Halafu..." Anasubiri umuulize halafu nini. Nilishaacha kuuliza.

Sasa, dada yangu Jolene anaolewa mwezi wa sita na Trevor. Trevor katokea Illinois, na kwetu hilo peke yake linatosha kuwa kosa. Ana ndevu anazipaka mafuta. Mbaya zaidi, harusini anataka bia ya maembe.

"Binti yangu haozwi kwa juisi," mzee alisema. Wakavutana majuma matatu.

Jumamosi moja mchana tuko kwa Arlys, tumenunua tiketi za bahati nasibu ya nyama, namba yako ikisomwa unaondoka na nyama, tunasubiri zichezeshwe. Trevor akaweka chupa ya Mwewe wa Ziwa juu ya kaunta.

"Mzee Norbert, hii namba moja yako, ukipewa bila kuambiwa utaijua?"

"Kijana, wewe mama yako humjui mpaka avae kibandiko cha jina?"

"Mama yangu huwa simnywi."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Wakakubaliana palepale: mzee akiitambua, harusi ni Mwewe tupu. Akishindwa, ni maembe, na ubao unashuka.

Arlys, mwenye baa, akaanza kufuta kaunta mahali palipokuwa pasafi. "Norb, acheni bwana. Nyama inaanza sasa hivi."

"Mimina, Arlys."

Mzee akageuzwa mgongo. Glasi nne zikapangwa, zote rangi moja ya majani makavu. Mbili zilikuwa Mwewe: moja ya chupa ya Trevor, aliyoifuata kiwandani kwenyewe, na moja ya bomba la Arlys. Akiitaja mojawapo, kashinda. Mtihani gani rahisi kuliko huo?

Ya kwanza akaitema. "Namba nane. Inanuka mfuko wa plastiki." Ya pili akaionja, akakunja uso kama kalamba betri. "Taa Kuukuu. Hii naijua hata nikiwa na mafua." Ya tatu akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka nikadhani kasinzia. "Mkate wa moto," akasema. "Asali. Hii hapa, mabwana. Ya nne sina haja nayo."

Trevor akainua vikaratasi vya majina vilivyokuwa chini ya glasi. Ya tatu ilikuwa Mwewe ya bomba. Watu wakapiga makofi, mzee akainama kidogo kama askofu.

"Hongera," Trevor akasema. "Umeshinda. Ila na ya pili ni Mwewe. Ndiyo hii chupa."

Hapo mtu mwenye akili anachukua ushindi wake anakaa. Mzee wangu sasa.

"Basi chupa yako imeoza. Arlys, lete pipa la bomba lako tusome tarehe."

"Umeshinda, Norb. Kaa unywe."

"Lete pipa."

"Norbert, mimi nakuomba."

Hakuombeka. Akashuka mwenyewe ghalani, tukamsikia anaburuta, anahema. Akapanda na pipa kifuani. Lilikuwa na lebo nyekundu, taa ya mafuta imechorwa katikati.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka juzi," Arlys akasema. "Mwewe waliacha kuleta mapipa huku. Nikaona nikibadilisha mkono wa bomba, huu wa kuvutia bia, utalia. Nikauacha ule ule wenye picha ya mwewe, chini nikafunga Taa Kuukuu."

"Na bei?"

"Bei nikashusha, wewe hukuuliza."

Miaka miwili. Miaka miwili ya mkate wa moto na asali, na mimi nimekaa pembeni natingisha kichwa.

Mzee akaweka pipa chini, akavaa kofia, akatoka. Mlango haujafunga vizuri, mkono wa Arlys umeshafika kwenye glasi yangu.

"Mzazi hayupo," akasema.

"Yuko kwenye gari, nakuona unamwona."

"Garini sio hapa."

Trevor akapanda kwenye kiti, akashusha ubao, akakaa nao mapajani hajui aupeleke wapi. Nyama ikaanza kuchezeshwa. Namba ya kwanza ikasomwa, ya nguruwe mzima wa kuchoma, na tiketi ilikuwa ya mzee. Na sheria ya bahati nasibu ni moja: usipokuwepo ndani, nyama inaenda kwa mwingine.

Nikafungua mlango nikaita. Kisha mzee akaingia, akabeba nguruwe wake, akakaa kwenye kiti chake bila kumtazama mtu. Arlys akanirudishia glasi.

"Maembe, sawa," mzee akamwambia Trevor. "Nimesema sawa. Huo ubao peleka nyumbani kwako ukachomee soseji."

"Asante, mzee."

Tukanywa. Baadaye akamwinamia Arlys, akidhani mimi sisikii.

"Siku ya harusi, niwekee pipa moja jikoni. La ile ya taa."

"Sawa, Norb."

"Na ule mkono wa mwewe uje nao."