Marimba ya Witness

…na kama Daktari Obedi asingesema kwamba majina ya wasiohudhuria yatapelekwa wilayani nisingekuwa hapa saa hizi, saa nne asubuhi, kwenye benchi la kliniki ya watoto, na ngoma katikati ya magoti, mimi, mkunga wa miaka kumi na tisa kazini, mkuu wa wodi ya wazazi, kule wodini kuna mama ana uchungu tangu alfajiri nimemwachia Priska peke yake, na sisi huku tumekaa duara watu saba tunasubiri kupiga muziki, muziki wenyewe haupo, ndivyo alivyosema huyu bwana Noeli aliyekuja na zeze lake kutoka Dodoma mjini kutufundisha mawasiliano, hakuna wimbo, amesema, hakuna kiongozi, mmoja ataanza na wengine mtaingia mkiona pana nafasi, hakuna kuongea mpaka niinue mkono, na kama unapiga halafu humsikii aliyekaa mbali nawe kuliko wote, ujue umezidisha, punguza… akasema na jambo jingine hapo sikulishika, nilikuwa nafikiria jokofu la damu, halina hata chupa moja tangu Jumatatu, damu hatuna, wanatuletea marimba, nikamnong'oneza Sila wa maabara akacheka kwa pua, na Noeli akanitazama bila kukasirika, akasema, "Sista Emiliana, anza wewe kama unapenda," basi nikaanza, kwa nini nisianze, ngoma naijua, mama yangu alipiga ngoma Mlali nzima, akiibana mapajani kama wanawake wa kwetu wanavyoibana, na sisi watoto tulijifunza kwa kupiga madebe, mkono haujasahau, huu hapa, dum, dum-ti-dum, na Sila ameingia na filimbi, Daktari Obedi anatikisa kayamba kama mtu anayechekecha kunde, wamenifuata wote, nimewaona walivyonifuata, na naona raha kidogo, sikatai, upepo wa Agosti unapita na vumbi lake chini ya paa la kliniki, mzani wa watoto unaning'inia pale na mifuko yake inayumba, na hata wale akina mama waliokuja na watoto mgongoni wamesogea ukutani wanatazama, mmoja anatingisha mabega, dum-ti-dum, hivi ndivyo inavyotakiwa, mtu mmoja ashike, wengine waje nyuma yake, wodi nayo ni hivyo hivyo, usiposhika wewe nani atashika…

kuna kitu upande ule. Marimba. Ni Witness, amekaa mwisho kabisa wa duara, kanikabili, kaikumbatia ile marimba ndogo ya vidole gumba kwenye viganja kama amebeba kifaranga, amegusa vyuma vitatu, kimoja baada ya kingine, vinapanda, halafu ameacha, kama mtu aliyeanza kusema akanyamaza, sawa, amejaribu, hajui kupiga huyu, ni mtu wa Chemba, tena Chemba ya ndani, mpole hivyo tangu alivyoripoti kwangu mwaka juzi na begi lake na vyeti kwenye bahasha, shikamoo sista, sauti ya chini mpaka nikamwambia ongea binti, hapa siyo kanisani… dum-ti-dum… na tangu Machi ndiyo kabisa, haongei, anapima uzito wa watoto, anaandika kwenye kadi, anarudisha kadi, kamati ilisema akae nje ya leba miezi sita na akapewa barua ya onyo, mimi sikuomba apewe barua, niliandika maelezo yangu tu kama kila mtu alivyoandika ya kwake… ameigusa tena, vile vile vitatu, ameacha tena, na Noeli huku anavuta zeze lake ananitazama mimi, ameinua kidole ameugusa mdomo, hapana, sikio, ameligusa sikio lake, anamaanisha mimi nisikilize, mimi, ambaye nasikia moyo wa mtoto wa miezi mitano tumboni kwa kile kipembe cha mbao, sikio langu kwenye tumbo la mtu na huko nje watu wanagombana, mashine ya kusaga inanguruma, na mimi nausikia, nauhesabu, mia moja arobaini, mia moja arobaini na mbili, hakuna aliyewahi kuniambia mimi sisikii, anifundishe huyu mwenye zeze… dum, dum-ti-dum, naongeza, nimeongeza kweli, mkono umefanya wenyewe…

na katikati ya huo mkono, chini yake, vile vyuma vitatu tena. Safari hii taratibu zaidi. Siyo kwa nguvu, mbona siyo kwa nguvu, mtu asiposikika si hupaza, mimi hupaza, lakini yeye amepunguza, vitatu, vinapanda, kimya, kama anauliza, kama anabisha hodi mlango ambao anajua haufunguliwi, na ndipo… subiri… subiri, hii naijua, hii siyo mara ya kwanza naisikia, vitatu halafu kimya, vitatu halafu kimya, kila safari chini zaidi, si-sta-na, sista naomba, sista naomba uje… Mungu wangu.

Ilikuwa mvua. Alhamisi, Machi, saa nane mchana, mvua inapiga bati mtu hata akikohoa humsikii, hivyo ndivyo nilivyoandika, kwamba palikuwa na mvua, na Germana alikuwa amejifungua salama, mimi mwenyewe nilimzalisha, mtoto wa kike kilo tatu na nusu, kondo la nyuma limetoka lote nikaligeuza nikalikagua, tumbo limejikaza, nikamwambia hongera mama, akacheka, alikuwa na miaka ishirini na mbili na mwanya, akaniuliza naweza kupata uji, nikamwambia utapata, nikamwachia Witness amwangalie nikaenda mezani kumalizia ripoti ya mwezi kwa sababu wilayani wamepiga simu mara mbili, simu begani, kalamu mkononi, nasoma tarakimu kwa kupaza sauti ili yule wa upande wa pili asikie, waliojifungua arobaini na moja, rufaa tatu… na mlangoni, "Sista, naomba uje." Ipo. Ipo sikioni mwangu, imekaa humo miezi mitano, mkono wangu ukafanya hivi, huu huu wa kulia, ukapiga hewa, ngoja, na nikaendelea, vifo sifuri, nilikuwa nasoma vifo sifuri… halafu akarudi, "Sista, pedi imelowa tena," tena, alisema tena, kwa hiyo ile ya kwanza alikuwa ameibadilisha, alikuwa anahesabu, binti alikuwa anafanya kazi yake kama nilivyomfundisha, na mimi nikasema, nilisema, nilifumbua mdomo huu nikasema nipo kwenye simu, na mara ya tatu hakuingia hata ndani, alisimama kizingitini, akasema jina langu tu, Sista Emiliana, kwa sauti ya chini hata si sauti, na akaondoka, na mimi nikamwona, nikaona mgongo wake na glavu zake, nyekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikaona, halafu nikaandika jumla.

Saa tisa na robo ndiyo nilinyanyuka. Nikamkuta amepiga magoti kitandani anasugua tumbo la Germana kwa ngumi, dripu amefungua yote, sindano ya kukaza mji wa mimba amechoma, alifanya kila kitu ambacho muuguzi peke yake anaweza kufanya, na khanga zilikuwa zimelowa mpaka zinadondosha, nikafoka, sikuuliza chochote, nilifoka, "Kwa nini hukuniita?" na yeye akanitazama akafungua mdomo, na hapo hapo nikaanza kutoa amri, gari, damu, shika miguu… gari lilikwama korongoni nusu ya njia kwenda hospitali ya Kongwa, maji yanapita na magogo, dereva kazima injini, na mimi nyuma nimebana tumbo lile kwa mikono miwili huku nasema Germana, Germana nitazame, alikuwa anaulizia uji bado, kisha akawa haulizi.

Na kwenye maelezo nikaandika, Muuguzi Witness hakunitaarifu hali ya mgonjwa mpaka saa tisa na robo. Sikudanganya. Hilo ndilo linanipiga hapa sasa, kwamba sikudanganya, ningeshika Biblia, niliishika, nilikwenda Jumapili nikapokea ekaristi na moyo mweupe kabisa, kwa sababu mimi nilijua sikuambiwa, nilijua kama ninavyojua jina langu… kamati wakamwuliza, ulimtaarifu mkuu wako, akasema, "Nilijaribu," na yule mzee mwenye miwani akasema kujaribu siyo kutaarifu binti, ulisema au hukusema, na Witness akageuka akanitazama mimi, hakutazama mtu mwingine, alikuwa ananingoja, ndiyo, alikuwa ananiachia nafasi niseme, na mimi nikatazama faili, nikajisemea si unaona, amenyamaza, hana la kusema… Na kila Jumanne bibi yake yule mtoto wa Germana anatoka kijijini kwa miguu, amembeba mgongoni, mbukwenyi, anatusalimia kwa Kigogo wote pamoja kana kwamba hatujamfanya lolote, anamtoa mtoto anampa Witness, na Witness anamweka kwenye mzani, anamshika kisigino asiogope, anasoma kilo, nami napita na faili zangu najisemea afadhali yule binti anajifunza uangalifu. Nilisema hivyo. Nilimwambia Daktari Obedi hivyo, hapa hapa chini ya paa hili.

Mikono yangu imesimama. Sijui imesimama saa ngapi. Muziki haujasimama, nilidhani nikiacha mimi utaanguka kama hema lililong'olewa mti, haukuanguka, Sila bado yupo na filimbi yake, amepunguza, Daktari Obedi amepata namna fulani ya kuitikisa kayamba polepole amefumba macho, na zeze, na pale mahali ambapo ngoma ilikuwa imekalia, marimba, kumbe ilikuwa ndefu, siyo vitatu tu, kumbe vile vitatu ni mwanzo wake, mlango wake, alikuwa anarudi pale pale kwa sababu hakuna aliyemwachia apite, sasa amepita, vidole gumba vyake vinatembea, vinapanda vinashuka vinazunguka, mama mmoja pale ukutani amemshusha mtoto mgongoni ili asikilize vizuri, na nani alisema huyu hajui kupiga, mimi nilisema, nilisema pia hawezi kuongea… uso unaniwaka, masikio yanawaka, nataka kusimama nataka kukimbilia wodini kwa Priska, lakini Noeli hajainua mkono, na kuongea ni marufuku, na nashukuru ni marufuku kwa sababu ningefumbua mdomo sasa hivi ningejieleza, ningesema mvua, ningesema simu ya wilayani, ningesema nilikuwa peke yangu na kazi ya watu watatu, na yote ni kweli, na yote yangemfunika tena, kwa hiyo kaa, Emiliana, kaa na hili jambo, uangalie jinsi anavyoinama, ule unywele mmoja uliotoka kwenye kofia, jinsi anavyokunja uso akikosea halafu hakosei, ana miaka ishirini na nne tu, amebeba barua ya onyo isiyo yake na kila asubuhi ananiambia shikamoo na mimi naitikia marahaba…

ile barua ipo kwenye faili lake, itakwenda naye kila kituo atakachohamishiwa mpaka astaafu, na chini yake yapo maelezo yangu, mwandiko mzuri, watu huusifu, na Daktari Obedi ana ufunguo wa kabati, yuko hapo hatua nne anatikisa kayamba, na bibi yake yule mtoto naye atatakiwa aambiwe, kwa Kigogo, na mimi, siyo kwa kutuma mtu, atauliza nini sijui, nitanyamaza mpaka amalize kuuliza… nitaandika upya. Nitaandika aliniita mara tatu. Watasema Sista una wazimu, miezi mitano imepita, kazi utapoteza, na huenda nikaipoteza, sijui mtu wa miaka arobaini na saba anafanya nini asipokuwa mkunga, sijui, mikono nimeilaza kwenye ngozi ya ngoma, na kupitia ngozi hiyo naisikia marimba yake, kweli, inatetemesha ngozi kidogo sana chini ya viganja, kutoka kule mwisho wa duara mpaka huku, na Witness hajui kitu, hajainua kichwa, anapiga, Noeli mkono wake bado uko kwenye zeze, nami ninasubiri aunyanyue ili nimwambie Daktari Obedi, kabla watu hawajaenda chai, mbele ya hawa wote, kwamba lile onyo liandikwe upya, jina liwe langu.