Kilichobaki cha Nathanaël

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nilipomwambia, na mchi ukabaki juu, haukushuka.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yenyewe tangu ndege ilipoondoka Ubelgiji. Niliyapanga kwa Kifaransa, nikayapanga kwa Kiswahili, na bado yalitoka vibaya.

"Mama," nilisema, "ile kipande yenye Docteur Vital alikata ku taya ya Nathanaël, haikukufa. Iko muzima mpaka leo. Iko kwetu ku laboratoire."

Aliushusha mchi taratibu, akauegemeza ukutani.

"Unasema nini, Régine?"

Afadhali niseme mimi ni nani, maana hata majirani wa mama hapa Nyakasanza, mjini Bunia, hawana hakika. Wameambiwa mtoto wa Mama Régine ni profesa wa saratani huko Ulaya, basi kila nikija wananiletea magoti, migongo na watoto wanaokohoa. Nikiwaeleza kwamba sitibu watu, nachunguza tu jinsi seli za kinga zinavyopashana habari, wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma sana akapitiliza. Huenda hawajakosea sana.

Nathanaël alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu kule Djugu. Alikuwa mlafi wa ukoko. Sufuria ya wali ikiepuliwa tu, yeye alikuwa ameshaikumbatia, na mtu aliyetaka kuonja ilibidi abembeleze. Taya lake lilipoanza kuvimba tulidhani ni jino, na mama akamsukutuisha maji ya chumvi asubuhi na jioni. Uvimbe ukakua kwa kasi ambayo sikuiona tena mpaka nilipoukuta chini ya hadubini, miaka mingi baadaye. Tulipomleta Bunia hospitalini, mama alimnunulia samaki wa Kasenyi, wa kukaanga, akamla kwa upande mmoja wa mdomo huku akicheka. Upande wa pili, alituambia, uko congé, uko likizo. Nakumbuka mafuta yalivyong'aa kidevuni pake, na nakumbuka nilivyomwonea wivu kwa sababu mimi sikununuliwa.

Docteur Vital aliomba ruhusa ya kukata kipande akipeleke Ulaya kupimwa. Mama akakubali. Majibu yaliporudi tulikuwa tumeshamzika Nathanaël nyuma ya nyumba, karibu na shamba la mihogo. Nyumba hiyo sasa haipo. Tangu vita vilipotufukuza hakuna aliyerudi kule, na wanaopita mbali wanasema pori limemeza kiwanja chote. Siku ya wafu ikifika, wenzake wa kanisani wanakwenda makaburini na maua yao, na mama anabaki uani kwake akifagia palipokwisha kufagiliwa.

Ni Docteur Vital huyo huyo aliyenielekeza kwenye ile maabara iliyokipokea kipande na kukikuza, nilipopata nafasi ya kusoma. Siku ya kwanza walinifungulia kabati lenye joto la mwili, wakanitolea chupa, nikainamia hadubini. Seli za duara, zimeshikamana vishada vishada, zinang'aa. "Jambo, Nathan," nikasema kwa sauti, na fundi aliyekuwa kando akadhani namsalimia yeye, akaniitikia. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilikuwa peke yangu katika nchi ya watu, sina hata wa kumtania, na ghafla nikawa na ndugu. Nilifurahi, tena nilifurahi sana, na miaka ile michache ya mwanzo ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu mtamu kuliko yote iliyofuata. Kila asubuhi nilizisemesha Kiswahili kabla hata sijavua koti.

Baadaye nilijirekebisha. Tuzo zikaja, wanafunzi wakaja. Nikawazoesha kuziita kwa namba, na kila mwaka niliwaambia neno moja: hizi si mtu.

Sasa utaratibu umebadilika. Seli ambazo mwenyewe anajulikana haziruhusiwi kuendelea kukuzwa bila jamaa zake kukubali. Wakikataa, zinachomwa, pamoja na zile zilizogandishwa. Ningeweza kusema ndiyo mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ni dada, na mambo yakaisha. Lakini aliyemzaa yupo, bado anatwanga sombe kwa mikono yake. Ndiyo maana nilikuja.

Mama alivuta kiti chake kidogo akaketi.

"Kwa hiyo," alisema, "tulizika mutoto yenye haikutimia."

"Mama, weye mwenyewe ulikubali wachukue."

"Nilikubali waipime. Sikukubali iishi."

Nilichuchumaa mbele yake. "Haiko Nathan. Ni ile ugonjwa yenye ilimuua."

Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Ile yenye ilikula mutoto yangu, weye unailisha?"

Nimesimama mbele ya wasomi wenye ndimi kali kutetea kazi yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nilijieleza kama nilivyoweza. Nilimwambia kwamba mwilini mna masoda, askari, wanaozunguka usiku na mchana.

"Masoda ya wapi? Ya huku?"

"Ya mwili, Mama."

"Ah. Sababu ya huku tunaijua."

Nusura nicheke. Nikaendelea: kila seli huweka alama mlangoni, soda anapita, anaigusa alama, na habari inaingia ndani mwake kutoka mkono hadi mkono, kama habari inavyotoka bombani ikafika jikoni kwa kila mtu. Akiona alama ni ya adui, anapiga. Ile ya Nathanaël ilikuwa na ujanja wake: iliishusha alama. Masoda walipita mlangoni, wakaona hakuna mtu, wakaenda zao. Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta namna ya kuilazimisha iirudishe alama mahali pake, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, imeanza kuirudisha.

"Bado haijamalizika," nilisema. "Ukikataa, wataichoma yote, na kazi itaishia pale. Sitakusukuma, Mama. Useme weye."



Mama alichota sombe kidogo kwenye kinu, akaisugua kati ya vidole kuona kama imelainika. Nje pikipiki ikapita, vumbi lake jekundu likatuingilia, na hakuna aliyelipunga.

"Mwizi akishikwa mu quartier, huku mutaani," alisema hatimaye, "watu wanataka wamuue palepale. Miye siku zote nasema: mumufunge kwanza. Aseme alipitia wapi. Sababu kesho wenzake watapitia palepale, ku nyumba ya mwingine, ku mutoto ya mwingine." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Umufunge. Usimuue. Aseme."

Kazi yangu ilikuwa imeokoka. Nilikuwa natafuta maneno ya kumshukuru aliponiuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake:

"Na mwenyewe? Ndani mule, mwenyewe haiko hata kidogo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimelitoa kila mwaka, mbele ya kila darasa, bila kupepesa macho. Lakini ni kweli pia kwamba ugonjwa ule haukutoka nje. Ulianza katika seli moja ya damu yake mwenyewe, iliyozaliwa naye, iliyokua kwa maziwa ya mwanamke huyu, kisha ikapotea njia. Na katika kila mojawapo ya zile zilizo chupani bado kumeandikwa masikio yake yaliyotokeza, na vile vidole vya miguu vilivyopandana. Nilitazama miguu ya mama kwenye kandambili. Vilikuwa vidole vilevile.

"Iko, Mama," nikasema. "Ni yeye."

Nikalia, profesa mzima, nimechuchumaa kando ya kinu.

Mama hakulia. Alinishika kichwa akakilaza gotini kwake mpaka nikanyamaza.

"Inakula nini?" akauliza.

"Sukari. Na maji ya damu ya mutoto wa ng'ombe."

"Sukari," akarudia, na uso ukamlainika. "Na weye ukiwa huku, nani anamupa?"

"Rebecca. Ni mama mumoja wa Butembo, tunatumika naye kazi ku laboratoire."

"Leo alimupa?"

Sikujua. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kulisha, lakini Rebecca huwa na mambo mengi.

"Mupigie."

Nilipiga, mtandao ukasumbua, nikapiga tena. Rebecca akaitika. Nikamuuliza kama ameshazilisha zile seli.

"Bado, Professeur. Nilikuwa mu réunion. Naenda sasa hivi."

Mama alinyoosha mkono akaichukua simu, akaishika mbele ya mdomo kama anavyoishika siku zote.

"Mutoto yangu," akamwambia, "usimuache na njaa."