Mikono ya Manubhai

Kama hujawahi kusimuliwa habari za Datsun ya Manubhai, basi hujawahi kununua hata plagi dukani kwake. Unaingia pale mtaa wa Msimbazi kutafuta breki pedi, unatoka na breki pedi pamoja na kona tatu za barabara ya vumbi, za mwaka wa sabini na ngapi sijui, alivyokuwa akiitupa ile Datsun yake ya mashindano ubavu mbele ya umati na kuirudisha njiani huku anatabasamu. Mkewe, Shobhana, alizijua kona hizo kuliko yeye mwenyewe, na alisema kila mwaka zinazidi kuwa kali.

Biashara haikuwa na neno. Tangu serikali ifungue milango, magari yaliyotumika Japani yalishuka bandarini kila wiki, na Manubhai, aliyezeeka akichonga spea kwa tupa kwa sababu hazikuwapo, sasa alikosa pa kuziweka. Kilichomkera ni mwanawe. Nirav alitaka baba yake aache kuendesha gari. Mzee alikuwa amegonga mkokoteni wa machungwa kule Ilala, kisha akashikilia kwamba mkokoteni ndio uliomgonga. Wakabishana wiki nzima, mwisho wakaafikiana: siku Manubhai atakapoona mwenyewe kwamba mikono imemwisha, atahamia kiti cha abiria bila kusukumwa. Alikubali upesi, maana alijua siku hiyo haipo.

Ndipo akaja Theophil. Huyu alikuwa jirani yake, anauza ndoo na mabeseni kwa jumla, mtu wa Kibosho kule milimani, na watu wa Kibosho Krismasi haiwakuti Dar. Alikuwa ametoka kukomboa bandarini gari jeupe la saluni, la Kijapani, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na lilimtia hofu. Njia ya kwa wakwe zake ni kilima cha udongo mwekundu, na Desemba udongo ule ni sabuni. Mwaka uliopita aliteleza mpaka mtaroni mbele ya ukoo mzima wa mkewe, Candida, na mashemeji wakamsukuma wakiwa na suti zao za kanisani. Tangu hapo hawamsalimii bila kumwuliza kama safari hii amekuja na wasukumaji wake. Alitaka Manubhai amfundishe gari likiserereka alirudishe vipi.

Manubhai alijifanya kufikiri, lakini moyoni alikuwa ameshavaa kofia ya mashindano.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, wakateremka Jangwani, ambako mvua za vuli zilikuwa zimeuacha uwanja umelowa chapachapa. Theophil akashika usukani, Manubhai kando yake, Candida nyuma. Mwalimu akaeleza: kata kona, kanyaga mafuta kwa ghafla, nyuma itakutoka, ikitoka, geuza usukani kuelekea inakokwenda, na breki usiiguse kabisa. Theophil akafanya. Nyuma ikatoka kidogo, mara gari likatulia na kunyooka. Akarudia, likanyooka tena. Alishuka kifua mbele, akasema kumbe ni kitu cha kawaida. Manubhai akamsifu mwanafunzi, akajisifu mwalimu zaidi, kisha akasema sasa tazama inavyofanywa na wenyewe.

Akashika usukani yeye, akalitupa gari kwa nguvu. Nyuma ikaanza kutoka na mikono yake ikaanza kugeuza, kama zamani. Hapo kitu kikanguruma chini, injini ikakosa pumzi, na gari likanyooka kabla hajalinyoosha. Mikono ikabaki inarudisha mserereko ambao haukuwapo, gari likayumba upande usiotakiwa. Akajaribu tena, kwa hasira, ikawa vibaya zaidi. Hakujua kama mikono inachelewa au inawahi. Alijua tu kwamba mtu wa kuuza mabeseni ameweza na yeye ameshindwa.

“Pole, Mzee,” Theophil akamwambia kwa upole. “Labda gari halijakuzoea.”

Upole ule ulimuuma kuliko kejeli yoyote ya Shobhana.

Jioni, mezani, Manubhai akamega chapati, akasema bila kumtazama mtu kwamba kuanzia kesho Nirav ndiye atakayeendesha. Nirav aliyasubiri maneno hayo kwa muda mrefu, na yalipokuja aliuliza tu kesho watoke saa ngapi. Shobhana hakutania. Alimwongezea mumewe dengu tu, na hapo Manubhai akaogopa kwelikweli.

Wiki ile alikwenda dukani akiwa abiria. Nirav aliendesha kwa adabu mno, anampisha kila mtu, hata waliokuwa hawaendi popote. Mzee alikaa ameiweka mikono mapajani na kuionea haya. Wateja walioomba breki pedi walipewa breki pedi, basi, na wengine wakauliza pembeni kama mzee anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa na huzuni, tena nzito, ya mtu aliyeambiwa kwamba kitu pekee alichokiweza maishani hakiwezi tena.

Alhamisi Candida akapita dukani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mama Hillary.”

Alikuwa na shida ya gari. Kuna kijitaa kwenye dashibodi, alisema, kina picha ya gari lenye mikia miwili iliyopindapinda. Alikiona Jumapili, kwa kuwa aliyekaa nyuma hana kazi ila kutazama. Alitaka kujua kama ni ubovu, na kama spea yake ipo, kabla hawajaanza safari ndefu.

“Baba Hillary akiendesha kilimetameta kidogo tu,” akasema. “Ulipoendesha wewe, hakikutulia kabisa. Nikanyamaza, mlikuwa kwenye mambo yenu.”

Manubhai aliweka chini pedi alizoshika. Ule mngurumo. Maisha yake yote ameuza breki, na Jumapili alisikia breki zikifanya kazi akadhani ni kokoto. Mguu wake haukuwa kwenye breki, na wa Theophil haukuwapo pia. Gari lenyewe lilikuwa linabana gurudumu moja moja na kuinyima injini nguvu, kila lilipohisi linatupwa, kabla mkono wa binadamu haujafika. Theophil alilitupa kidogo, likamrudisha kidogo. Yeye alilitupa sana, likamrudisha sana. Kumbe halikumkataa, lilikuwa linamwokoa. Hajawahi kutukanwa vile, wala kufurahi vile.

Akamwomba Candida asimwambie mumewe mpaka Jumapili. Candida akakubali upesi, kwa sababu tangu siku ile Theophil alikuwa anawafundisha watoto kona kwa kutumia sahani za chakula.

Jumapili ikafika, na Nirav akamleta baba yake Jangwani kwa mwendo wa msafara wa maiti. Manubhai akaingia kwenye saluni nyeupe, Theophil kando yake na Candida nyuma, akaitafuta swichi yenye picha ileile, akaibonyeza. Taa ikawaka. Akalitupa gari. Injini haikukosa pumzi tena, nyuma ikatoka zaidi, moyo ukampanda, kisha lilipokaribia kulala ubavu, ule mngurumo ukarudi na gari likanyooka. Lilikuwa limemlegezea kamba, halijamwachia.

“Mzee,” Candida akasema kutoka nyuma, “hata simu haizimiki kwa kuigusa. Unaibana mpaka ikubali.”

Akalisimamisha gari kabisa, akaibana swichi kwa kidole, akasubiri mpaka taa ya pili ikawaka kando ya ile ya kwanza. Akawaomba wote washuke. Theophil alishuka wa mwisho, maana gari ni lake.

Safari hii nyuma ilitoka na hakuna aliyeirudisha. Manubhai akageuza usukani, akachelewa, gari likazunguka na kurusha matope kila upande, likasimama linatazama lilikotoka, injini imezima. Nirav akakimbia kwenye tope na viatu vyake vya ofisini. Alimkuta baba yake ameshika usukani kwa nguvu, anacheka, na machozi yanamtoka.

“Umeumia, Papa?”

“Nimezungusha mwenyewe,” Manubhai akasema. “Umeona? Nimechelewa mimi. Kosa langu.”

Nirav hakuelewa hapo ampongeze kwa lipi. Mzee akawasha, akaibana swichi upya, kwa sababu gari lilikuwa limejirudishia ulinzi wake, akazungusha tena, lakini kidogo. Mara iliyofuata alilishika. Gari lilikwenda ubavu, likaukata uwanja karibu wote, mikono yake ikigeuza kidogo huku na kidogo kule, mpaka likatoka limenyooka.

Zamu ya Theophil haikuchukua muda. Alizunguka kabla hajamaliza kukata kona, akashuka uso umempauka, akauliza nani basi alikuwa anaendesha Jumapili iliyopita.

“Wewe na mwenzako,” Manubhai akamjibu. Akamweleza taratibu, bila kumcheka sana: kwenye kilima abonyeze mara moja tu, magurudumu yapate ruhusa ya kuchimba udongo, vinginevyo gari litainyima injini nguvu katikati ya mlima na mashemeji wavue makoti. Kwingine kote, akiwa na mkewe na watoto, aliache likiwa macho. Theophil akauliza kama ni lazima wakwe waambiwe. Candida akasema hilo ataliamua yeye huko huko Kibosho.

Manubhai na Nirav wakatembea mpaka kwenye gari lao, lile la zamani la duka, matope yamewafika magotini. Ufunguo ulikuwa kwa Nirav. Aliushika kitambo, akiitazama mikono ya baba yake, kisha akampa, akazunguka kwenda kukaa kiti cha kushoto, akafunga mkanda.

“Ila hili letu, Papa, halina wa kukuokoa.”

“Najua,” Manubhai akasema, akaendesha taratibu mpaka nyumbani, mikono yote miwili kwenye usukani.