Kiti cha Pili

Tangu aache pombe, Gervasi alikuwa na hasira na kila kitu chenye sauti. Mkewe Leonia alikunywa chai kwa kuivuta, fyuuu, mpaka kikombe kinalia, na miaka yote ya ndoa Gervasi hakuwahi kuisikia. Jioni miguu yake ilinyanyuka yenyewe kuelekea kilabuni, naye akaikomesha kwa ufagio. Alifagia uwanja mpaka majirani wa Kasingirima wakawa wanakuja kuchungulia.

"Gervasi, utafagia mpaka utoboe!"

"Nitoboe, niwafukie humo humo!" alifoka, kisha akajificha nyuma ya nyumba kucheka peke yake. Alijijua anavyoonekana.

Siku ya mahari ya binti yao Dainess, hakucheka. Kando ya kiti chake kiliwekwa kiti kingine, na aliyekikalia ni mdogo wake Yona, kavaa koti la kuazima.

"Huyu wa nini hapa?"

"Baba," Dainess alisema bila kumtazama, "siku ya posa ulibebwa kutoka mlangoni mbele ya wageni. Leo ukionja tu, baba mdogo atasimama mahali pako."

Hasira zilimpanda mpaka masikioni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Wageni wakaingia kutoka Kagunga wakisalimu, "Mwidiwe! Mwidiwe!", wakiwa na mtungi wa pombe ya ndizi uliofunikwa majani ya mgomba. Mshenga wao, Mzee Anatoli, akauweka miguuni pa Gervasi, akachomeka mrija. Desturi yao ni baba wa binti atie mrija kinywani kwanza. Asipofanya hivyo, hakuna neno litakalosemwa, na wageni watarudi na mahari yao.

Harufu ile! Mate yalimjaa. Alimchukia Anatoli, akauchukia mtungi, na zaidi ya vyote akalichukia koo lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limeshajiandaa. Na Yona naye, bila haya, alikuwa ameanza kunyanyuka.

Gervasi akautia mrija kinywani. Dainess akafumba macho.

Akapuliza.

Alipuliza hasira zake zote, za majirani, za chai, za koti la Yona. Pombe ikachemka, ikaruka, ikamwogesha Mzee Anatoli kuanzia ndevu mpaka tai.

"Mrija nimeutia mdomoni!" Gervasi alifoka. "Desturi haikusema pumzi iende upande gani. Mimi sinywi tena. Anayetaka kuondoka na mtungi wake, aondoke!"

Anatoli alijipangusa povu polepole. "Nimekuwa mshenga miaka mingi," alisema, "lakini sijawahi kuogeshwa na mkwe." Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Gervasi hakucheka. Bado alikuwa na hasira, na bado alikuwa na kiu.

Dainess alikuja, akamgusa Yona begani. "Baba mdogo, inuka." Kisha akakibeba kile kiti, akakirudisha ndani.