Matabaka Mia Tisa na Tatu

"Mia tisa na tatu," Zephania alinong'ona, akaweka alama ya penseli kwenye ukanda wa karatasi aliokuwa ameulaza juu ya kipande cha udongo kilichochimbuliwa chini ya ziwa la kale. Tabaka nene jeupe ni kiangazi, jembamba jeusi ni baridi. Mawili hayo ni mwaka. Ndivyo walivyomfundisha katika maabara hii ya Stockholm tangu 1971, na hakuwahi kubisha.

Shida ilikuwa Mzee Bethuel. Ndiye kiongozi wa ushirika wa maombi wa Watanzania kule kitongoji cha Hagsätra, ndiye aliyempokea alipofika, akamfanya mtoto wa nyumbani. Sasa alikuwa na kijitabu: dunia haijazidi miaka elfu sita, na matabaka yote yalilazwa na Gharika kwa mwaka mmoja.

"Jumapili utasimama ushuhudie," alikuwa amemwambia. "Wewe udongo unaushika kwa mikono. Dhoruba moja inalaza hata matabaka kumi kwa siku! Na damu je? Kila kizazi kinarithisha kasoro zake. Tungekuwa wa zamani hivyo, si tungekwisha kuharibika?"

Hilo la damu lilimwingia Zephania vizuri tu. La udongo alitaka kulihakikisha, maana si mtu wa kushuhudia kwa kukisia. Jumatatu akakoroga matope kwenye chupa ya maji. Mchanga ulizama kabla hajamaliza kahawa. Yale matope laini, yanayofanya tabaka jeusi, yakabaki yanaelea. Jumatano, yanaelea. Ijumaa nusura aiwekee chupa mikono na kuiombea.

Jumapili sebule ya Bethuel ilijaa. Zephania alisimama, jasho likimtoka na nje theluji.

"Ndugu zangu, nimejaribu. Siku sita, tabaka moja jeusi halijatulia. Kazini yapo mia tisa na tatu kama hilo, moja juu ya lingine; mwaka mmoja hauyatoshi."

"Kwa hiyo Neno la Mungu ni uongo?" Bethuel aliuliza kwa upole.

"Sijasema hivyo, baba. Naamini. Ila na matope nimeyaona. Sijui niyaweke wapi."

Hakuna aliyemgombeza; waliimba, wakaomba. Afadhali wangemgombeza! Miaka mitatu alikuwa akijimiminia chai jikoni mwenyewe, na asipoosha vikombe, Jennifer, mke wa Bethuel, alimfokea kama mwanawe. Leo Zephania alipoinuka kwenda jikoni, Jennifer alimwahi mlangoni.

"Keti tu, Ndugu Zephania."

Akamletea chai kwenye sinia, kikombe cha maua cha wageni na kisahani chake. Zephania alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru.